Nimebadilisha Picha, Mbona Bado Inaonekana ya Zamani?

Jumatano, saa 3 usiku, nikapata ujumbe kutoka kwa nesi mmoja anayesoma makala zetu. Yuko zahanati ya kijijini, na huwa anatusahihisha tukiteleza. Aliandika: "Habari za jioni mdogo wangu. Ile picha ya maji ya chumvi na sukari bado ina makosa. Hamjairekebisha tu?"

Nilishtuka, maana tulikuwa tumeirekebisha tangu Jumapili, tena ndani ya dakika 20 baada ya yeye mwenyewe kutuambia. Nikafungua makala kwenye laptopu yangu: picha mpya, safi kabisa. Nikamjibu, "Shikamoo dada. Mbona mimi naona iko sawa?" Akanitumia picha ya kioo cha simu yake. Kumbe kweli, pale pale kwenye makala yetu, siku 3 baadaye, kosa lilikuwa limekaa kama halijaguswa.

Na halikuwa kosa la kuchekea. Makala ilieleza jinsi ya kumsaidia mtoto anayeharisha wakati pakiti za ORS hazipatikani: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kujaa mlima. Mwenzetu aliyechora ile picha aliandika "kijiko cha chakula" badala ya "kijiko cha chai". Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Yaani kila kitu mara 3. Sukari ikizidi hivyo huvuta maji kuyaingiza utumboni, na kuharisha kunaongezeka badala ya kupungua. Chumvi ikizidi hivyo ni hatari zaidi: kiwango chake kwenye damu ya mtoto kinaweza kupanda hadi akapata degedege.

Kwa hiyo usiku ule hatukulala mapema. Tulichojifunza ndicho ninachotaka kukueleza leo, kwa sababu kama unaandika popote mtandaoni, hata kama ni matangazo ya kikundi cha kanisa au bei za duka lako, siku moja itakukuta.

Mangi na soda za Kariakoo

Tuanze na neno lenyewe. Ukiweka simu ya Android kwa Kiswahili, utakuta mahali pameandikwa "Futa akiba". Hiyo akiba ndiyo mada yetu. Ni nakala ya kitu inayowekwa karibu na wewe, ili usikifuate mbali kila unapokihitaji.

Fikiria duka la Mangi hapo mtaani. Ukitaka soda huendi Kariakoo. Mangi alishakwenda, akanunua kreti kadhaa, akaziweka dukani. Wewe unatembea hatua 30 tu. Kila mtu anafaidika: wewe umeokoa nauli, na Kariakoo hakujajaa watu wanaotafuta soda moja moja.

Kompyuta zimefanya hivyo kwa miaka mingi. Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza mwaka 1965 wazo la kumbukumbu ndogo yenye kasi inayotunza nakala za vitu vilivyomo kwenye kumbukumbu kubwa ya polepole, na mwaka 1968 IBM ikatangaza kompyuta ya biashara yenye kitu hicho, System/360 Model 85. Mtandao wa intaneti ulipokuja, ukalichukua wazo hilohilo ukalitandaza dunia nzima.

Na una sababu. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi mara 1 tu ni milisekunde 75, na hapo tunajifanya kebo imenyooka na hakuna foleni njiani. Ukurasa mmoja unaweza kuhitaji safari nyingi za namna hiyo. Ongeza bando. Picha ya kilobaiti 400 ukiipakua upya kila unapofungua ukurasa, mara 10 ni megabaiti 4 zimekwenda kwa picha ileile. Bila akiba, intaneti yetu ingekuwa ghali na ya kuchosha.

Tatizo linaanza pale Kariakoo wanapobadilisha soda na Mangi hajui. Yeye anaendelea kuuza alizonazo, kwa nia njema kabisa. Phil Karlton, aliyewahi kufanya kazi Netscape, anakumbukwa kwa kusema kwamba katika sayansi ya kompyuta kuna mambo mawili tu magumu, na moja ni kujua lini akiba imepitwa na wakati. La pili ni kuvipa vitu majina. Shika hayo mawili, tutayarudia.

Mangi si mmoja

Kosa letu la kwanza usiku ule lilikuwa kudhani akiba ni moja. Tulimwambia dada, "Futa akiba ya simu yako, itakaa sawa." Akafuta. Picha ya zamani ikabaki. Ndipo tukakaa chini kuchora njia nzima ambayo picha inapita kutoka kwetu hadi machoni pake. Tukakuta vituo vinne.

Cha kwanza ni kivinjari kwenye simu yake. Hiki kinatunza picha kilizokwisha kupakua. Kinajuaje zimekaa sana? Seva inapotuma picha huambatanisha maelekezo, mfano "Cache-Control: max-age=31536000". Hizo ni sekunde, na ukizigawanya ni siku 365. Yaani seva inakiambia kivinjari: kaa na hii mwaka mzima, usinisumbue. Muda ukiisha, kivinjari huuliza kwa upole: ninayo nakala yenye alama hii, bado ni ileile? Kama haijabadilika, seva hujibu kwa namba 304, bila kutuma picha yenyewe. Jibu hilo ni dogo sana, na bando linasalimika.

Na seva isiposema chochote? Hapa wengi hawajui: kivinjari kinaruhusiwa kukisia. Kanuni za HTTP, toleo la 2022 linalojulikana kama RFC 9111, zinataja kwamba kisio la kawaida ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili libadilishwe mara ya mwisho. Picha iliyokaa siku 100 bila kuguswa inaweza kushikiliwa siku 10 nyingine bila kuuliza mtu.

Cha pili ni seva za katikati. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kutunza nakala za tovuti za watu katika miji mingi, ili msomaji ahudumiwe na iliyo karibu. Zipo hata Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Huyu ni Mangi wa mtaa mzima: akiwa na soda ya zamani, mtaa mzima unakunywa ya zamani. Na kufuta akiba ya simu yako hakumgusi hata kidogo.

Cha tatu ni programu ya kuandikia makala yenyewe. Hii hutunza kurasa zilizokwisha kutengenezwa ili isizitengeneze upya kwa kila mgeni. Halafu hufanya jambo jingine ambalo ndilo lililotuchoma: ukipakia picha 1, yenyewe inatengeneza nakala kadhaa za ukubwa tofauti. Yetu hutengeneza za upana wa nukta 300, 768 na 1024, pamoja na ile kubwa ya asili.

Cha nne ni programu za kutumiana ujumbe. Ukibandika kiungo cha makala kwenye kundi, kile kipicha kinachotokea chini yake kilichukuliwa wakati ule kiungo kinatumwa. Ujumbe ukishatumwa, kipicha kimekwenda nao.

Kumkamata mhalifu kwa majaribio 3

Si tuko wanafunzi wa sayansi? Basi tukaacha kubahatisha, tukafanya kama maabara: badilisha kitu kimoja kwa wakati, uone nini kinabadilika. Majaribio yenyewe hayahitaji utaalamu, na dada aliyafanya yote kwa simu yake.

*Jaribio la 1: fungua picha peke yake.* Gusa picha, shikilia, chagua kuifungua kwenye kichupo kipya. Lengo ni kuitenganisha picha na makala. Ikiwa anwani ya picha ikifunguliwa peke yake inaleta toleo jipya, lakini ndani ya makala ni la zamani, shaka iangukie ukurasa: huenda unaelekeza kwenye faili jingine kabisa.

*Jaribio la 2: fungua makala kwa hali fiche.* Dirisha la hali fiche huanza bila akiba ya kivinjari. Hapo ukiona picha mpya, mhalifu ni kivinjari chako na kazi imeisha. Ukiona ya zamani, kivinjari hakina hatia. Panda ngazi moja juu.

*Jaribio la 3: ongeza mkia kwenye anwani ya picha.* Mwishoni mwa anwani andika "?jaribio=1" kisha ufungue. Kwa akiba nyingi, anwani yenye mkia ni anwani nyingine, na hazina nakala yake, kwa hiyo zinalazimika kwenda hadi chanzo. Ikija picha mpya, chanzo kiko sawa na kuna akiba njiani inayoshikilia ya zamani. Ikija ya zamani hata hapo, usilaumu njia. Chanzo chenyewe kina faili la zamani. Tahadhari moja: baadhi ya seva za katikati hupangwa zipuuze mikia, kwa hiyo jaribio hili ni ushahidi mzuri lakini si hukumu ya mwisho.

Matokeo ya dada yalikuwa hivi. Jaribio la 2: picha ya zamani. Basi si simu yake, na tulimfutisha akiba bure. Jaribio la 1: ya zamani, lakini tulipoitazama anwani vizuri tukaona jina la faili linaishia na 768. La kwangu kwenye laptopu liliishia bila namba. Jaribio la 3 juu ya ile ya 768: bado ya zamani!

Tukatazamana. Kumbe chanzo chetu wenyewe.

Kwa nini mimi niliona sawa na yeye akaona kosa

Sasa kila kitu kikajipanga. Jumapili tuliingia kwenye programu, tukalibadilisha faili kubwa la asili kwa jina lilelile. Programu ikalipokea. Lakini zile nakala ndogo hazikutengenezwa upya. Zikabaki na "kijiko cha chakula" chao.

Ukurasa wa kisasa haukipi kivinjari picha moja. Unakipa orodha: hii hapa ya 300, ya 768, ya 1024 na ya asili, chagua inayokufaa. Simu yenye kioo cha upana wa 360, ambayo kila nukta ya ukurasa inachorwa kwa nukta 2 za kioo, inahitaji 720. Ya 300 haitoshi, ya 768 inatosha, basi inachukua hiyo. Laptopu yangu yenye kioo kikubwa ikachukua ya asili, ile tuliyoirekebisha.

Tafakari hapo kidogo. Wasomaji wetu wengi wanatusoma kwa simu. Sisi waandishi tunahakiki kwa laptopu. Kwa hiyo waliokuwa salama na lile kosa tulikuwa sisi tulioliandika.

Na kuna jambo la pili lililotupofusha. Programu nyingi za kuandikia makala humpa mwandishi aliyeingia kwa akaunti yake ukurasa mbichi, uliotengenezwa papo hapo, wakati mgeni anapewa ule wa akiba. Kwa mwandishi ni huduma nzuri, anaona mabadiliko yake mara moja. Lakini pia inamaanisha mwandishi ndiye shahidi mbaya kuliko wote wa kile ambacho msomaji anakiona. Siku hizi nikimaliza kusahihisha kitu, naazima simu ya mtu yeyote aliye karibu, kwa bando lake, nafungua kama mgeni.

Dawa: usibadilishe faili, badilisha jina

Jibu la haraka lilikuwa kuiamuru programu itengeneze upya zile nakala ndogo. Tukafanya. Dada akafungua tena: ya zamani! Safari hii jaribio la 3 likaleta mpya, maana yake chanzo kimepona, ila seva ya katikati ilikuwa bado na kreti lake la zamani. Tukaingia kwenye mipangilio ya huduma hiyo tukaiamuru itupe nakala zake. Dakika chache baadaye, dada akaandika neno moja: "Imekubali."

Lakini njia hiyo ni ya kukimbizana na kila Mangi dukani kwake. Simu za wasomaji wengine waliokwisha kuipakua picha ya zamani hatuwezi kuzifikia. Seva iliwaambia wakae nayo mwaka mzima, nao wanatii.

Hapa ndipo yale mambo mawili magumu ya Karlton yanapokutana, na moja linamtatua mwenzake. Akiba hutambua kitu kwa anwani yake. Anwani ikiwa ileile, akiba inaamini kitu ni kilekile. Basi usiweke kamwe picha mpya kwenye anwani ya zamani. Ipe jina jipya. Badala ya "maji-chumvi.png" kuandikwa juu yake mara ya pili, pakia "maji-chumvi-2.png", kisha nenda kwenye makala uelekeze kwenye hilo. Hakuna akiba yoyote duniani yenye nakala ya jina ambalo halijawahi kuwepo. Zote, kuanzia simu hadi seva ya katikati, zinalazimika kuja kuchukua upya. Na nakala ndogo za 300, 768 na 1024 zinatengenezwa zenyewe kwa sababu kwa programu hii ni picha mpya.

Watengenezaji wa tovuti kubwa hufanya hivyo kwa mashine: jina la faili hubeba alama inayotokana na yaliyomo, yaliyomo yakibadilika hata kidogo jina nalo linabadilika. Ndiyo maana wanaweza kusema "kaa nayo mwaka mzima" bila hofu. Siri yao ni kwamba picha zao hazibadiliki, zinapishana.

Bado kuna ukurasa wenyewe, ule unaotaja jina la picha. Huo nao una akiba, na anwani yake huwezi kuibadilisha kwa sababu watu wanayo. Kwa hiyo kwenye ukurasa upange muda mfupi wa akiba, dakika chache, au uiamuru iulize seva kila mara. Kwa ufupi: ukurasa muda mfupi, picha muda mrefu, na kila picha mpya jina jipya.

Tukaifuta pia ile picha ya zamani kabisa kutoka kwenye seva. Kwa kawaida ningekushauri uache faili la zamani ili viungo visivunjike. Kwa kosa la dozi, bora msomaji aone nafasi tupu.

Nakala isiyofutika

Kuna kituo cha tano ambacho hatukukichora kwenye mchoro wetu. Dada ndiye aliyetukumbusha: "Mdogo wangu, mimi niliipakua ile picha Ijumaa nikaiweka kwenye kundi la akina mama wa kliniki. Ndiyo maana nilikuwa nawasumbua."

Picha ikishaingia kwenye galari ya simu ya mtu, hakuna amri itakayoifuata huko. Haina muda wa kuisha, wala haiulizi seva chochote. Ni nakala ya milele. Dada aliandika kwenye lile kundi, akaeleza kosa, akatuma picha mpya, kisha akarekodi sauti yake kwa wale wasiopenda kusoma. Kazi ile hakuna programu ingeifanya.

Tangu hapo tumebadilisha mambo matatu. Vipimo vya aina yoyote tunaviandika kwenye maneno ya makala, si ndani ya picha tu, kwa sababu maneno yanasahihishika kirahisi kuliko picha. Kila mchoro tunauandikia tarehe na namba ya toleo kwenye kona, ili anayeupata kwenye kundi ajue kama ni wa zamani. Na tukisahihisha kosa, tunasema juu kabisa ya makala kosa lilikuwa nini na lini limerekebishwa, badala ya kulibadilisha kimyakimya tukijifanya halikuwepo.

Kwa hiyo siku ukibadilisha picha na mtu akakuambia bado anaona ya zamani, tafadhali usimjibu kama nilivyomjibu dada, "mbona mimi naona iko sawa?" Mwombe akutumie picha ya kioo chake, kisha anza na jaribio la 1. Anachokiona yeye ndicho ulichochapisha.

Na kama ulipakua mchoro wetu wa maji ya chumvi na sukari kabla haujawekewa tarehe, ufute. Vipimo ni hivi: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Pakiti ya ORS ikipatikana, hiyo ndiyo ya kwanza, na mtoto apelekwe kituo cha afya.